Betri ya pili ni yetu

(Haya ni mazungumzo ya Ofisa Elimu ya Watu Wazima na wahitimu wa kisomo. Yalifanyika uwanja wa shule, siku tatu kabla ya mkutano mkuu wa kijiji. Tumeyachapa kwa kuwa vijiji vingi vinatarajia kufungiwa umeme wa jua katika zahanati zao.)

 

Mwenyekiti ameniomba nizungumze juu ya umeme wa jua, ambao sisi wengi tunauita sola. Jumapili hii mtakutana katika mkutano mkuu. Mtaulizwa kama mnakubali zahanati yetu ifungiwe sola, kisha Mwenyekiti atatia saini karatasi ya kupokea vyombo. Najua mtakubali. Nani atakataa taa? Lakini nina neno moja nataka mlisikie kabla ya saini hiyo. Anayetuletea sola anatupa betri ya kwanza. Betri ya pili ni yetu. Kama hatujui itatoka wapi, basi tutakuwa na mwanga miaka mitatu au minne, halafu tutarudi kwenye chemli.

Hebu tuanze na giza lenyewe, maana tumelizoea mpaka hatulioni tena.

Mchana zahanati yetu haina shida kubwa ya mwanga. Shida huja usiku, na mtoto hachagui saa ya kuzaliwa. Akina mama mnajua. Siku zikikaribia unaambiwa ujiandae: kanga, beseni, wembe mpya, na tochi. Usiku nesi anaibana tochi kwa meno, au anamwomba mama mkwe amshikie simu. Mama mkwe naye anatetemeka, mwanga unacheza ukutani.

Sasa fikirini. Mtoto ametoka, damu inaendelea kutoka. Duniani kote, kutokwa damu nyingi ndiko kunakoua wanawake wengi wanaojifungua kuliko sababu nyingine yoyote. Nesi anatakiwa aone upesi damu inatoka wapi. Je, mama amechanika? Je, kipande cha kondo la nyuma kimebaki ndani? Kwenye mwanga wa kibatari damu nyekundu inaonekana nyeusi kama kivuli. Hata nesi hodari hawezi kushona asichokiona.

Tena kuna sindano ya oksitosini, ile inayosaidia mfuko wa uzazi ujikaze na damu ikome. Dawa hiyo inataka kuwekwa mahali pa baridi, kati ya nyuzi 2 na 8 za sentigredi. Chanjo za watoto nazo zinataka baridi hiyo hiyo. Ikizidi joto, nguvu yake inapungua. Ikiganda barafu, nyingine zinaharibika kabisa, kama chanjo ya pepopunda. Kwa macho chupa inaonekana nzima. Mtoto atachomwa, atalia, kadi itaandikwa, lakini kinga hana. Ndiyo maana chupa nyingi za chanjo zina alama ndogo: duara lenye mraba ndani yake. Mraba ukiwa mweupe kuliko duara, chanjo ni nzima. Ukishakuwa na rangi sawa na duara au kuuzidi weusi wake, chanjo hiyo imepata joto kupita kiasi na haitumiki. Ninyi mnaojua kusoma, siku ya kliniki mwombeni nesi awaonyeshe alama hiyo. Hatakasirika.

Msidhani shida hii ni ya kwetu peke yetu. Mwezi wa Januari 2023 Shirika la Afya Duniani pamoja na Benki ya Dunia na mashirika mengine mawili walitoa taarifa juu ya jambo hili. Walisema karibu watu bilioni moja katika nchi zenye kipato kidogo na cha chini ya wastani wanatibiwa mahali ambapo hapana umeme kabisa, au upo lakini hautegemeki. Kwa Afrika kusini ya Sahara, vituo kama 15 katika kila 100 havikuwa na umeme wowote. Na hospitali, ndugu zangu, hospitali kubwa zenye vyumba vya kupasulia, ni nusu tu zilizokuwa na umeme wa kutegemewa.

Hapo ndipo namjibu ndugu yangu aliyeniuliza njiani, "Kwa nini tusingoje nguzo za umeme wa gridi?" Tuzingoje, ni haki yetu. Lakini nguzo kufika kijijini si sawa na waya kuingia chumba cha kujifungulia. Na waya ukishaingia, umeme hukatika. Zahanati yenye gridi na sola iko vizuri kuliko yenye kimoja.

Nitawapa mfano wa Nijeria. Mwaka 2008 daktari wa akina mama kutoka Marekani, jina lake Laura Stachel, alikwenda hospitali moja kaskazini mwa nchi hiyo kuchunguza kwa nini wanawake wanakufa katika uzazi. Alidhani atakuta upungufu wa ujuzi au wa dawa. Alichokuta ni umeme unaokatika. Taa zinazimika katikati ya upasuaji, wauguzi wanazalisha kwa chemli, wagonjwa wanasubiri. Mume wake, Hal Aronson, alikuwa mwalimu wa mambo ya sola. Wakatengeneza kwa hospitali hiyo mtambo wa sola, na pia kisanduku kidogo cha kuonyesha mfano, chenye taa na betri. Wahudumu walipokiona kisanduku wakasema: kiacheni hicho hicho, kinatufaa. Ndivyo lilivyoanza sanduku la sola la rangi ya njano. Ndani yake mna taa, tochi za kuvaa kichwani, mahali pa kuchaji simu, na chombo cha kusikilizia mapigo ya moyo wa mtoto tumboni. Masanduku hayo yamefika nchi nyingi za Afrika, na hapa Tanzania pia.

Napenda mfano huo kwa sababu wahudumu wenyewe ndio waliosema kinachowafaa. Hawakuomba kikubwa. Walitaka chenye kuwaka.

Sasa tuingie ndani ya sola yenyewe. Ile bapa nyeusi inayowekwa juu ya bati inaitwa paneli. Imetengenezwa kwa silikoni, kitu kinachopatikana kwenye mchanga. Mwanga ukiipiga, umeme unatoka. Paneli za namna hii zilianza kufanya kazi vizuri mwaka 1954 katika maabara ya Bell huko Marekani. Angalieni nimesema mwanga, sikusema joto. Wengi wanadhani jua kali la kuchoma ndilo linaloleta umeme mwingi. Hapana. Paneli ikipata moto sana umeme wake unapungua. Siku angavu yenye upepo wa baridi ndiyo siku yake njema.

Umeme unaotoka kwenye paneli unapita kwenye kontrola, kisanduku kinachozuia betri isijazwe kupita kiasi wala isikamuliwe kupita kiasi. Halafu unaingia kwenye betri. Betri ni ghala. Mchana tunaweka, usiku tunachota. Paneli nzuri inaweza kukaa miaka 25. Betri za maji, zile za risasi na asidi kama za gari, zikitunzwa hukaa kama miaka mitatu hadi mitano. Zipo betri mpya za lithiamu zinazokaa zaidi, na bei yake ni kubwa zaidi. Basi pigeni hesabu wenyewe. Miaka 25 gawa kwa 4. Paneli moja itazika betri kama sita. Ya kwanza tumeletewa. Tano je?

Tuendelee na hesabu, kalamu mnazo. Umeme unaotumika tunaupima kwa wati, na wati mara saa tunapata wati-saa. Taa moja ya kisasa ni wati 7. Zahanati iwashe taa 4 kwa saa 10 za usiku. 7 mara 4 ni 28, mara 10 ni 280. Ongeza simu ya nesi, tuseme wati-saa 20. Jumla 300. Hilo ndilo hitaji la usiku mzima.

Betri ya volti 12 yenye ampea-saa 100 ina wati-saa 1,200. Lakini betri ya asidi haitakiwi kukamuliwa chini ya nusu. Ukiikamua mara kwa mara unaiua. Kwa hiyo tunayo 600, yaani usiku mbili. Ule usiku wa pili ni akiba ya siku za mawingu. Wakati wa masika mtauhitaji.

Sasa aje mtu na pasi. Pasi ya umeme ni wati 1,000. Katika dakika 18 tu pasi hiyo inakula wati-saa 300. Shati moja na suruali moja, na umeme wa usiku mzima wa akina mama umekwenda. Televisheni ya wati 60 ikiwaka saa 5, ni 300 vilevile. Mnaona? Mpira mmoja, kipindi kimoja na taarifa ya habari, usiku mzima wa taa. Wanaume mnacheka, lakini ndivyo betri zinavyokufa.

Katika kazi yangu ya kuzungukia madarasa niliiona zahanati moja, sitaitaja, iliyokuwa na paneli nne juu ya bati. Ukiwa mbali unaona zinang'aa, unasema hapa pana maendeleo. Ndani nesi alikuwa akiandika kwa mwanga wa simu. Nilimwuliza. Betri zilikuwa zimekufa kwa zaidi ya mwaka. Akaniletea daftari la vyombo. Kila kitu kimeandikwa vizuri, paneli, waya, hata skrubu. Nikauliza nani anahusika na kununua betri. Mganga akasema ni halmashauri. Halmashauri wakasema ni mfadhili. Mfadhili mradi wake ulikuwa umekwisha. Wanakijiji wakasema hii ni mali ya serikali, sisi tutaigusaje? Na mzee mmoja akaninong'oneza kwamba mwaka ule wa kwanza watu walikuwa wakitazama mpira pale mpaka saa sita usiku.

Hakuna aliyeiba pale. Hakuna aliyevunja kitu. Palikosekana mstari mmoja tu katika daftari: nani atanunua betri, na kwa fedha gani.

Juu ya friji nina habari njema kidogo. Friji za chanjo za sola za zamani zilitegemea betri, na betri ndizo zilizozifelisha nyingi. Siku hizi zipo friji za sola zisizo na betri kabisa. Paneli inaendesha friji moja kwa moja mchana, nayo inagandisha barafu ndani ya kuta zake. Usiku barafu hiyo ndiyo inayotunza baridi. Zilizokubaliwa na Shirika la Afya Duniani zinatakiwa kuhimili angalau siku tatu bila jua. Haitaki mafuta ya taa wala mitungi ya gesi. Kwa hiyo Jumapili ulizeni: friji inayokuja ni ya betri au ya moja kwa moja? Kama ni ya moja kwa moja, paneli zake ni zake peke yake. Asije fundi wa mtaani akachomeka waya wa taa humo.

Basi fedha. Tusiogope kulitaja neno hili. Tuseme betri ni shilingi 400,000. Hii ni hesabu ya mfano, bei ya kweli mkaulize wenyewe mjini, madukani matatu, msiulize moja. Ikikaa miaka 4, kila mwaka tunatakiwa tuwe tumeweka 100,000. Kijiji kikiwa na kaya 250, ni shilingi 400 kwa kaya kwa mwaka. Haifiki bei ya chai na andazi. Ukingoja mpaka betri ife, utatafuta 400,000 kwa wiki moja, na hapo ndipo mkutano unapovunjika kwa makelele.

Lakini mimi sisemi mchango uwe ndio njia ya kwanza. Tangu mwaka wa fedha 2017/18 fedha za Mfuko wa Pamoja wa Afya zimekuwa zikitumwa moja kwa moja kwenye akaunti za zahanati na vituo vya afya. Zahanati inaandika mpango wake wa mwaka, na kamati ya zahanati, ambayo ninyi wanakijiji mna wajumbe wenu ndani yake, inaupitia. Wajumbe wa kamati mliopo hapa, simameni tuwaone. Ahsanteni. Mpango ujao ukiletwa mezani, tafuteni mstari unaosema "matunzo ya sola". Kama haupo, msitie saini mpaka uwepo. Kijiji kiongeze pale panapopungua.

Kuna waliosema tuchajishe simu za watu zahanati, kila simu kwa malipo, fedha ziwe za betri. Wazo si baya. Mimi nasema sawa, lakini kwa paneli ndogo na betri ndogo ya pembeni. Siyo betri ya zahanati. Simu 40 za wati-saa 10 kila moja ni 400, zaidi ya usiku mzima wa taa. Tutakuwa tunauza mwanga wa leba ili tununue mwanga wa leba.

Matunzo yenyewe si kazi ya mhandisi. Paneli zifutwe vumbi kwa maji safi na kitambaa laini, asubuhi kabla hazijapata moto. Betri za maji zichunguzwe kila mwezi, na zikipungua ziongezwe maji ya betri yanayouzwa, siyo ya kisimani, maana yale yana chumvi. Asidi inachoma, watoto wasisogee. Betri iliyokufa isitupwe shambani, risasi ni sumu. Iuzwe kwa wanaozikusanya, na fedha yake iingie kwenye mfuko huo huo. Sisi tuko kusini ya ikweta, hivyo paneli zielekee kaskazini, zimeinama kidogo ili mvua izioshe. Fundi akielekeza kusini, mwulize sababu.

Halafu ule mwembe. Nimesikia tayari maneno ya mwembe. Najua ulipandwa na marehemu mzee na kila mtu hapa amekula matunda yake. Lakini kivuli kikifunika hata sehemu ndogo ya paneli, umeme unapungua sana, kwa kuwa vipande vya paneli vimeungana kama mnyororo. Si lazima uukate. Matawi ya upande wa bati yapunguzwe, au paneli ziwekwe kwenye nguzo uwanjani na seng'enge izungushwe. Zungumzeni na familia ile kabla fundi hajafika. Siku ya fundi mtagombana tu.

Nani atafanya kazi hii? Wengi mtasema kijana aliyemaliza sekondari. Huyo kijana, wazee wangu, mwakani yuko Dar es Salaam. Nitawaambia habari ya India. Huko Tilonia, katika jimbo la Rajasthan, kuna chuo kilichoanzishwa mwaka 1972 na Bunker Roy, kinaitwa Barefoot College, yaani chuo cha pekupeku. Kwa miaka mingi chuo hicho kiliwafundisha ufundi wa sola wanawake wa vijijini, wengi wao bibi wenye wajukuu, wengine hawajui kusoma kabisa. Masomo yalikuwa ya miezi sita, kwa rangi, ishara na mikono, maana hata lugha hawakuwa nayo moja. Walirudi kwao wakiweza kufunga sola na kutengeneza zilizoharibika. Akina mama wa vijiji vya Lindi na Mtwara walikwenda huko wakarudi mafundi. Baadaye chuo cha namna hiyo kilianzishwa pia Kinyasini, Unguja.

Kwa nini walichagua bibi? Kwa sababu bibi hahami. Ninyi mna zaidi ya waliyokuwa nayo wale: mnasoma, mnaandika, hesabu ya wati mmeifanya sasa hivi na nimeona majibu kwenye madaftari. Napendekeza mkutano uchague watu wawili, na mmoja awe mama aliyehitimu kisomo. Washinde na fundi siku zote atakazokuwa hapa, kila waya waulize jina lake. Wapewe daftari la sola: tarehe, paneli zimefutwa, maji ya betri yameangaliwa, taa ipi haiwaki. Daftari hilo lisomwe katika kila mkutano wa kijiji, kama yanavyosomwa mapato na matumizi.

Na mlangoni pa chumba cha betri pabandikwe karatasi yenye maandishi makubwa: PASI HAPANA. TELEVISHENI HAPANA. JIKO LA UMEME HAPANA. Mwenyekiti naye imhusu, na mimi nikilala hapa inihusu.

Sasa tuandike maneno ya kuongeza kwenye ile karatasi ya kupokea vyombo. Katibu ameshika kalamu. Nimeona mkono wa mama pale karibu na goli, na wa mzee nyuma yake. Mama, anza wewe.